Gari Nalo ni Msafiri: Kupanga Likizo ya Barabarani Kupitia Nchi Kadhaa

Watu wengi wanapoanza kupanga likizo ya kuendesha gari kupitia nchi kadhaa, hufungua ramani, huchagua miji na mandhari wanayotamani kuyaona, kisha huviunganisha vituo hivyo kwa mstari na kudhani kwamba kazi kubwa imekwisha. Ninaipenda ramani kama wao, na ninaweza kuitazama jioni nzima bila kuchoka, lakini ninaamini kwamba huko si pa kuanzia. Safari ya namna hii huamuliwa mipakani. Mpaka ndio unaosema nani apite, gari lipi lipite, kwa hati gani, kwa muda gani na kwa bima ipi, na mtu akishayapata majibu hayo mapema, uchaguzi wa miji na milima huwa kazi nyepesi na ya kufurahisha. Ndiyo maana kila ninapopanga safari ya barabarani huanza kwa kuandika orodha ya mipaka kabla sijaandika jina la hoteli hata moja.

Ramani huonyesha barabara, lakini haionyeshi kama lango la mwisho wa barabara hiyo liko wazi. Kati ya Moroko na Aljeria barabara zipo, ila mpaka wa nchi kavu baina ya nchi hizo umefungwa tangu mwaka 1994. Azerbaijan ilifunga mipaka yake ya nchi kavu kwa abiria mwaka 2020 wakati wa janga la UVIKO-19, ikaendelea kuifunga miaka kadhaa baada ya majirani zake kufungua yao, na madereva waliokuwa wakitoka Ulaya kuelekea Asia ya Kati wakalazimika kubadili njia nzima. Kati ya Panama na Kolombia hali ni tofauti, kwa kuwa barabara yenyewe haipo: Barabara Kuu ya Pan-American hukatika kwenye misitu na vinamasi vya Darién kwa takriban kilomita 100, na anayetaka kuendelea kusini hulazimika kulisafirisha gari lake kwa meli. Mtu aliyepanga kutoka Mexico hadi Chile bila kulijua jambo hilo atajikuta ana safari mbili zilizotenganishwa na gharama kubwa ya bandari. Hata pale ambapo mpaka uko wazi, vituo vya mpakani havilingani. Kuna vinavyofungwa usiku, kuna visivyo na ofisi ya forodha yenye mamlaka ya kupokea gari la kigeni, na kuna vilivyotengwa kwa ajili ya wakazi wa pande mbili tu. Programu ya ramani kwenye simu huweza kukupeleka kwenye kituo cha aina hiyo kwa sababu tu kiko karibu zaidi, hivyo ni heri kuchagua kituo kwa jina na kulazimisha njia ipitie hapo.

Baada ya mipaka huja hati, na hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu msafiri hujihesabu yeye na familia yake akasahau kwamba gari nalo ni msafiri mwenye hati zake. Afisa wa uhamiaji humtazama mtu. Afisa wa forodha hulitazama gari kama bidhaa: kwake yeye, gari lililosajiliwa nje ni mali ambayo ingepaswa kulipiwa ushuru endapo ingebaki au kuuzwa nchini mwake, na kila karatasi anayoiomba inalenga kumhakikishia kwamba gari hilo litatoka. Ukishaielewa hofu hiyo ya forodha, maswali mengi ya mpakani yanaanza kueleweka. Anataka kuona kadi ya usajili kwa sababu anataka kujua mwenye mali. Jina kwenye kadi lisipofanana na jina kwenye pasipoti, anataka barua ya mwenye gari inayomruhusu dereva kulitoa nje ya nchi, na barua hiyo ina uzito zaidi ikiwa imethibitishwa na wakili na ikitaja namba ya usajili, namba ya chesisi na nchi zote zitakazopitiwa. Kwa gari la kukodi mambo ni hayo hayo, isipokuwa kwamba mwenye gari ni kampuni, na kampuni nyingi huruhusu baadhi ya nchi na kukataza nyingine. Ukivuka kuingia katika nchi iliyokatazwa, bima ya mkataba huweza kubatilika wakati huo huo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza anayekodisha gari ni nchi zipi linaruhusiwa kuingia, na bei ije baadaye.

Nchi nyingi hutoa kibali cha kuingiza gari kwa muda papo hapo mpakani, na kibali hicho humtosha mtalii wa kawaida. Nyingine hudai hati nzito zaidi iitwayo Carnet de Passages en Douane, ambayo ni kitabu cha forodha kinachotolewa na vyama vya magari vya kitaifa chini ya mwavuli wa shirikisho la kimataifa la FIA. Misri, Iran, Pakistan na India ni miongoni mwa nchi zinazojulikana sana kwa kukidai. Kitabu hicho kwa kawaida hudumu mwaka mmoja, na ili ukipate ni lazima uweke dhamana inayokadiriwa kwa kuzingatia thamani ya gari na nchi unazokusudia kuingia. Kwa baadhi ya nchi, dhamana huweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Ninashauri kila anayetarajia kukitumia akae nacho mezani kabla ya safari na kukisoma. Kila nchi hutumia ukurasa mmoja, na kila ukurasa umegawanyika sehemu tatu. Sehemu moja hukatwa na forodha wakati wa kuingia, nyingine hukatwa wakati wa kutoka, na ya tatu hubaki kitabuni ikiwa na mihuri yote miwili. Kipande hicho kinachobaki ndicho ushahidi wako kwamba gari lilitoka. Muhuri wa kutoka ukikosekana, au tarehe yake isisomeke, forodha ya nchi husika inaweza kukidai ushuru chama kilichotoa kitabu, nacho chama kitaigeukia dhamana yako. Usiondoke dirishani kabla ya kutazama muhuri, jina la kituo na tarehe, hata kama foleni nyuma yako ni ndefu na kila mtu ana haraka.

Bima nayo ina mipaka yake. Barani Ulaya na katika baadhi ya nchi jirani upo mfumo wa Kadi ya Kijani, ulioanza kutumika mwaka 1953, ambao huthibitisha kwamba gari lina bima ya mtu wa tatu inayokubalika katika nchi wanachama. Kadi hiyo huwa na safu ya vifupisho vya majina ya nchi, na nchi ambayo kifupisho chake kimekatwa kwa alama haimo katika bima yako. Ni jambo dogo kwa macho, lakini nimewaona watu wakiikunja kadi na kuiweka kwenye droo ya gari bila kuisoma. Afrika Mashariki na Kusini kuna mfumo unaofanana na huo, Kadi ya Njano ya COMESA, ambao humwezesha dereva kuvuka nchi kadhaa kwa hati moja badala ya kununua bima mpya kila mpakani. Kadi zote mbili hushughulikia madhara unayomsababishia mtu mwingine. Gari lako likiibwa au likipinduka peke yake, hati hizo hazina la kukusaidia, na ni lazima uwe na bima kubwa ambayo kampuni imekubali kwa maandishi kuifikisha hadi nje ya nchi, pamoja na huduma ya kukokotwa na kurudishwa nyumbani. Gharama ya kulikokota gari kutoka nchi ya tatu ni pigo ambalo familia chache hulimudu.

Kuhusu leseni, kibali cha kimataifa cha udereva ni tafsiri rasmi ya leseni ya nyumbani, na peke yake hakina nguvu, hivyo hati hizo mbili husafiri pamoja. Kinachowachanganya wengi ni kwamba mifano ya kibali hicho ni zaidi ya mmoja. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 una mfano wake, ambao hudumu mwaka mmoja, na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 una wake, ambao huweza kudumu hadi miaka mitatu. Nchi moja huweza kuutambua mfano mmoja na kuukataa mwingine: Japani, kwa mfano, inautambua ule wa 1949 tu. China bara haitambui kibali chochote cha kimataifa, na mgeni anayetaka kuendesha huko hupewa leseni ya muda, huku gari lake likipewa namba za muda na kuambatana na mwongozaji. Safari inayopitia nchi kadhaa inaweza kumlazimu dereva awe na vibali viwili, na mamlaka inayovitoa ni ya nchi iliyompa leseni. Tovuti zinazouza “leseni ya kimataifa” kwa yeyote anayelipa huuza karatasi isiyo na thamani mpakani.

Viza nazo zahitaji hesabu ya makini. Katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka baina yao, ambalo tangu Januari 2025 lina nchi 29 zinazozitumia sheria zake kwa ukamilifu, mgeni wa muda mfupi huruhusiwa siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180, na siku ya kuingia pamoja na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Dereva huathirika na jambo la ziada ambalo msafiri wa ndege halioni: barabara huweza kutoka nje ya eneo na kurudi ndani bila wewe kukusudia. Pwani ya Kroatia ni mfano mzuri. Kwa miaka mingi, kila aliyeendesha kutoka Split kwenda Dubrovnik alipita Neum, kipande kifupi cha pwani cha Bosnia na Herzegovina, akiingia nchi nyingine na kutoka ndani ya dakika chache. Daraja la Pelješac lilifunguliwa Julai 2022 na kukiepuka kipande hicho, na miezi michache baadaye, Januari 2023, Kroatia ikaingia Schengen. Mwenye viza ya kuingia mara moja ambaye leo atafuata barabara ya zamani ya pwani atakuwa ameitumia viza yake yote Neum, naye atakwama upande wa pili. Kwa safari ya gari, omba viza ya kuingia mara nyingi kila inapowezekana.

Ili kuonyesha jinsi siku moja tu inavyoweza kubeba kanuni nyingi, chukua njia ya kutoka München hadi Verona, takriban kilomita 430, ambayo huvuka Ujerumani, Austria na Italia. Katikati ya München ni eneo la kudhibiti moshi, na gari huhitaji stika ya kijani kwenye kioo cha mbele. Barabara kuu za Ujerumani hazimtozi mwenye gari dogo. Ukiingia Austria, barabara kuu ya bonde la mto Inn hudai stika ya tozo, ambayo hununuliwa kwa muda maalumu. Ukifika Innsbruck na kuanza kupanda kuelekea Brenner, njia ya mlimani kwenye mpaka wa Italia, stika hiyo haikutoshi tena, kwa sababu sehemu ya Brenner ina tozo yake ya pekee. Ukivuka kilele, Italia hukupa tiketi langoni na kukutoza kwa umbali unapotoka. Kisha, unapolikaribia eneo la kihistoria la mji wenyewe, unakuta alama za ZTL, eneo ambalo magari yasiyo na ruhusa hayaingii, na kamera hupiga picha namba yako bila mtu yeyote kukusimamisha. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizo iliyo ngumu, na zote hupatikana kwa kusoma mapema, lakini zikikukuta zote siku moja, ukiwa umechoka na watoto wana njaa nyuma, huwa mzigo mkubwa. Mimi huandika ukurasa mmoja kwa kila siku ya safari: tozo zake, kituo chake cha mpakani, kikomo cha kasi, na mahali pa kuegesha nje ya mji.

Upande wa kuendeshea hubadilika katika mipaka fulani, kama vile kati ya Tanzania na Rwanda, Namibia na Angola, au Thailand na Laos. Uswidi iliwahi kuhamisha nchi nzima kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, ikiwa imetanguliwa na maandalizi ya miaka kadhaa, na hilo peke yake latosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Hatari haiko mpakani, ambako alama ni nyingi na kila mtu yuko macho. Iko asubuhi ya pili, unapotoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu isiyo na gari lingine la kukukumbusha, mwili ukajiendea upande uliouzoea. Abiria wa mbele apewe kazi ya kutamka upande kwa sauti kila gari linapoondoka baada ya kusimama. Kulipita lori huku usukani ukiwa upande wa ukingo wa barabara ni jambo ambalo ningependa kila dereva aliepuke kabisa, kwa kuwa haoni kinachokuja hadi nusu ya gari lake iko katikati ya barabara. Taa za mbele pia zimetengenezwa kumulika zaidi upande mmoja, nazo huhitaji kurekebishwa au kubandikwa vibandiko ili zisiwapofushe wanaokuja.

Kuhusu umbali wa kila siku, nina msimamo ambao wenzangu wengi huuona mkali. Sheria za Umoja wa Ulaya humtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu, na kwa kawaida asizidi saa tisa kwa siku. Yeye ni mtaalamu anayeijua barabara na gari lake. Mtalii aliye katika nchi ngeni, anayesoma alama asizozizoea na kubadilisha kanuni njiani, hana sababu ya kujipangia zaidi ya hapo, na mimi hupanga pungufu sana. Siku ya kuvuka mpaka huwa siku fupi kwa makusudi, yenye malazi yaliyo karibu na upande wa pili, kwa sababu mpaka ukichukua dakika ishirini utapata alasiri ya kutembea, na ukichukua saa tano hutalazimika kuendesha usiku. Katika nchi ambazo barabara hazina taa, mifugo hulala juu ya lami na malori huharibika bila alama, kutoendesha usiku ni kanuni isiyo na msamaha.

Majira huweza kuifuta njia nzima. Stelvio, barabara ya Italia iliyo mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, hufungwa kwa theluji tangu vuli hadi mwishoni mwa machipuko, na vivyo hivyo njia nyingine nyingi za juu za Alps. Great St Bernard, yenye mita 2,469, ina handaki chini yake linalopitika mwaka mzima, ilhali nyingine hazina mbadala wa karibu. Austria hudai matairi ya majira ya baridi panapokuwa na theluji au barafu kati ya Novemba 1 na Aprili 15. Katika nchi za tropiki tatizo ni mvua, na barabara ya vumbi inayopitika kwa saa tatu wakati wa kiangazi huweza kukatika kabisa masika. Kabla ya kupanga tarehe za likizo, uliza barabara inasemaje mwezi huo.

Mengine ni madogo ila yanafaa kutajwa. Kwenye vituo vya mafuta vya Umoja wa Ulaya, tangu Oktoba 2018, petroli huwekewa alama ndani ya duara na dizeli ndani ya mraba, jambo linalomwokoa mgeni asiyeijua lugha ya pampu. Kikomo cha kilevi ni sifuri katika nchi kama Cheki, Slovakia, Hungaria na Romania, kwa hiyo ni vyema dereva asinywe kabisa safari nzima. Pembetatu ya tahadhari na fulana ya kuakisi mwanga hudaiwa na nchi nyingi, na fulana ikae ndani ya gari, mahali pa kufikika kabla ya kushuka. Namba ya dharura 112 hufanya kazi katika nchi zote za Umoja wa Ulaya. Kwa nchi zinazodai chanjo ya homa ya manjano, cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na kwa hiyo hakiwezi kushughulikiwa wiki ya mwisho. Ramani zipakuliwe simuni kabla ya kuondoka, na nakala za hati zote zihifadhiwe mbali na hati zenyewe.

Safari ikiisha, kazi ya karatasi hubaki kidogo. Faini za kamera huweza kufika kwa posta miezi kadhaa baadaye, na kampuni iliyokukodisha gari hutoa jina lako kwa mamlaka na mara nyingi kukutoza gharama ya kufanya hivyo. Ukiwa ulitumia kitabu cha forodha, gari hukaguliwa na forodha ya nyumbani, hati ya kuthibitisha kwamba limerejea hugongwa muhuri, na kitabu hurudishwa kwa chama kilichokitoa, ambacho hukipitia ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuiachia dhamana. Uhakiki huo huweza kuchukua wiki kadhaa, kwa hiyo fedha za dhamana zisihesabiwe katika bajeti ya likizo wala katika ada na kodi za mwezi unaofuata.